Barua ya wazi: Mashine za kushika kijiti zipimwe kwanza, ndipo zitupime

Kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar. Kwa Wakala wa Chakula na Dawa. Kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa wakuu wa wilaya na masheha wote wa Unguja na Pemba.

Waheshimiwa, Assalaam alaykum.

Tunawaandikia kuhusu mashine ya aina moja tu, na bila shaka mmeshaiona. Ni kisanduku kidogo kinachoenea kwenye mkoba. Kina waya unaoingia kwenye kompyuta mpakato, na waya mwengine wenye kijiti cha chuma mwishoni. Mteja anaulizwa jina, jinsia, umri, urefu na uzito, kisha anakamata kijiti kwa mkono mmoja. Kwenye kioo zinapita picha za moyo na maini zikimetameta, na baada ya dakika moja hivi inatoka ripoti ya kurasa nyingi: moyo, nyongo, figo, kongosho, mifupa, ubongo, vitamini, madini, na "sumu mwilini". Halijatoka tone la damu wala la mkojo. Halafu mpimaji, mwenye koti jeupe, anapitisha kidole kwenye mistari iliyotiwa alama ya hatari na kutaja virutubisho vya kuirekebisha, ambavyo vimo kwenye boksi chini ya meza.

Meza hizo huwekwa sokoni, kwenye viwanja vya skuli, nje ya misikiti watu wakitoka kusali, na mara nyengine kwenye baraza ya ofisi ya sheha, chini ya bango la upimaji wa afya. Mwananchi akiona bango na ofisi ya Serikali pamoja, anaelewa kwamba Serikali imeridhia.

Ombi letu ni kwamba mashine yoyote inayodai kugundua maradhi isiruhusiwe kumpima mtu mpaka ipite jaribio la pazia. Tunalieleza jaribio lenyewe hatua kwa hatua, ili asitokee wa kusema kwamba ni jambo la nchi tajiri.

Tuanze na hicho kijiti. Chuma kilichokamatwa kiganjani kinaweza kujua joto la mkono, na kinaweza kujua ngozi inapitisha umeme kwa kiasi gani. Ngozi kavu huuzuia umeme sana. Ikilowa jasho, kizuizi hicho hushuka mara kumi na zaidi. Kwa hiyo aliyetembea juani wakati wa kaskazi na aliyekuwa amekaa chini ya feni watatoa namba mbali mbali, na wote wawili ni wazima. Zinki iliyomo kwenye damu haina njia ya kujitangaza kupitia kiganja. Wala uzito wa mifupa: huo hupimwa kwa mionzi ya eksirei.

Wauzaji hujibu kwamba mashine inasoma "mawimbi ya sumaku ya seli", na kwamba hiyo ni elimu ya kwantamu. Basi tutazame mashine inayosoma sumaku kweli, ile ya MRI, ya hospitali, inayopiga picha za ndani ya mwili. Sumaku yake kwa kawaida ni ya tesla 1.5, nguvu inayozidi mara 20,000 ile sumaku ya dunia inayogeuza dira ya nahodha. Ndiyo maana mtu huvuliwa saa, pete na funguo kabla hajaingia chumbani, hulala bila kutikisika, na picha za sehemu moja tu ya mwili huchukua dakika nyingi. Pamoja na ukubwa wote huo, MRI haikwambii vitamini D yako ni ngapi. Kisanduku kinachochukua umeme wa kompyuta mpakato kinadai kujua zaidi ya hapo, kwa dakika moja.

Sasa kilinganisheni na kipimo kinyonge ambacho mtu wa Pemba amekijua tokea skuli: cha kichocho. Mkojo huchukuliwa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu ndipo mayai ya mnyoo yanapotoka kwa wingi. Chupa hutikiswa, mililita 10 huvutwa kwa bomba la sindano na kusukumwa kupitia kichujio kidogo, kichujio huwekwa kwenye kioo chini ya hadubini, na mayai huhesabiwa moja moja. Yakifika 50 au zaidi kwenye mililita hizo 10, maambukizi ni mazito. Mwengine anaweza kukaa kwenye hadubini ile ile, akahesabu kichujio kile kile, akapata hesabu ya karibu sana na ya mwanzo. Na tunajua kipimo hiki kinakosea wapi: mkojo ukichukuliwa alfajiri, chupa isipotikiswa, au minyoo ikiwa michache, mayai hukosekana na mgonjwa huambiwa mzima. Kipimo cha kweli kinajua kinapokosea. Muulizeni mwenye mashine ya kijiti: inakosea mara ngapi kati ya mia, na katika hali gani? Swali hilo pekee linatosha kuanzia.

Madhara yako wazi. Anayekojoa damu kwa kichocho akaambiwa "figo dhaifu", akauziwa chai ya miezi mitatu, anabaki na minyoo ambayo ingeuliwa na prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kwa kunywa mara moja. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza ambaye mzazi wake anaoneshwa ripoti kwamba "kongosho limerudi sawa", akiachishwa insulini, damu yake hugeuka tindikali ndani ya siku chache na huweza kufa. Mwenye presha ya 180 kwa 110, iliyo juu sana, huweza asihisi kitu. Karatasi ikimwambia mishipa yake mizuri, ana sababu gani ya kwenda kutafuta dawa?

Lipo jaribio dogo ambalo sheha anaweza kulifanya kabla hajatoa ruhusa ya meza kuwekwa, na linachukua dakika kumi. Chukua kitambaa, kichovye kwenye maji ya chumvi, kikamue kidogo, kizungushe kwenye kijiti. Andikisha jina lolote: mwanamme, miaka 45, sentimita 170, kilo 75. Bonyeza. Mashine ya kweli inapaswa kusema kwamba haijamwona mtu. Ikitoa ripoti ya nyongo na kongosho la kitambaa, iweke ripoti hiyo pembeni. Halafu tumia kitambaa kile kile, lakini andika miaka 70 na kilo 95. Weka ripoti mbili ubavu kwa ubavu. Ikiwa kitambaa kimezeeka na kimeongeza maradhi, basi kilichopimwa ni yale maandishi yaliyoingizwa kwa vidole.

Mwenye mashine akisema haifanyi kazi bila ngozi ya mtu, sawa. Mtu mmoja apimwe mara tano ndani ya saa moja kwa majina matano, umri na uzito vikiwa vile vile, na mpimaji asimuone. Mashine ndogo ya kupimia sukari nyumbani, ile ya kutoboa kidole, ina masharti ya kimataifa: sukari ikiwa kuanzia milimoli 5.55 kwa lita kwenda juu, vipimo 95 kati ya 100 visipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15. Hatudai zaidi ya hapo kwa kijiti. Ripoti tano za mtu mmoja zikisema figo nzima, figo mbovu, figo nzima, hatuhitaji kuendelea.

Jaribio lenyewe la pazia ni hili. Wamiliki wachague wao ugonjwa ambao mashine yao inaujua zaidi. Tuchukulie kisukari. Zitafutwe jozi 20 za watu: katika kila jozi mmoja ana kisukari na mwengine hana, wawe wa jinsia moja, umri wasipishane zaidi ya miaka mitatu, na uzito wasipishane zaidi ya kilo tano. Sharti la umri na uzito si la kupamba. Mzee mnene ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kisukari kuliko kijana mwembamba, kwa hiyo anayebahatisha kwa kutazama umri tu atapatia mara nyingi. Asubuhi ya siku hiyo wote 40 wapimwe damu maabara kabla hawajala. Mwenye kisukari ahesabiwe kuwa anacho ikiwa sukari yake ni milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, au ile HbA1c, kipimo cha damu kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ni asilimia 6.5 au zaidi, na mwenzake awe chini ya viwango hivyo kwa vipimo vyote viwili. Wagonjwa wanaotumia dawa huweza kuwa na sukari nzuri asubuhi hiyo, na hapo ndipo mwenye mashine atakapopata pa kukimbilia baadaye. Kwa hiyo asiyefika kiwango siku hiyo aondolewe mapema.

Katika chumba kingine, mtu asiyehusika anarusha sarafu kwa kila jozi: mwezi, anaingia mwenye kisukari, nyota, anaingia mwenzake. Matokeo yanaandikwa, yanatiwa kwenye bahasha na kufungwa. (Sarafu mkiipiga alama hizo mbili kwa wino, yeyote anaweza kuisoma.) Mtu aliyechaguliwa anaingizwa nyuma ya pazia na msindikizaji ambaye naye hajui ni nani. Anatoa mkono mmoja tu kwenye tundu la pazia. Hasemi kitu. Mashine inapima, mpimaji anaandika "anacho" au "hana", anatia saini. Mara 20. Bahasha hazifunguliwi mpaka karatasi zote 20 ziwe mezani.

Hesabu ya bahati ni hii: anayebahatisha atapata kama 10 kati ya 20. Kupata 14 au zaidi kwa bahati tupu hutokea karibu mara 6 katika kila 100. Maana yake wakija wauzaji 20 na mashine za uongo mtupu, mmoja wao anaweza kuondoka na 14 na kuitangaza redioni. Kwa hiyo mpaka tunaopendekeza ni 18. Kupata 18 au zaidi kwa kubahatisha hutokea kama mara 1 katika kila majaribio 5,000. Tunajua 18 si mzaha, lakini mashine inayouza dawa kwa ripoti yake haifai kupungukiwa na hapo.

Sasa yanayoharibu. La kwanza ni mdomo: msindikizaji anayejua jibu humwambia mpimaji bila kukusudia, kwa kusita, kwa namna anavyomtazama mgonjwa. Ndiyo maana asijue. La pili ni mkono wenyewe: kucha, hina, pete, kovu la sindano, alama za kutoboa vidole. Mgonjwa wa sukari anayejipima kila siku ana vidole vyenye vidoa, basi wote wavishwe bandeji vidoleni na kiganja kiachwe wazi. La tatu, khasa kwenye joto letu, ni jasho: wote wakae dakika 15 chini ya feni na wafute mikono. La nne, na ndilo kubwa, ni udhuru wa baadaye: simu zilikuwa hewani, mtu mwenye shaka alikuwa karibu, umeme ulikuwa mdogo. Udhuru huu unazibwa mwanzo. Mwenye mashine apewe kwanza duru ya wazi, watu watano anaowajua hali zao, chumba kile kile, pazia lile lile. Akiridhika kwamba mashine inafanya kazi vizuri hapo, aandike hivyo na kutia saini. Ndipo duru ya kufumba ianze. Kitakachokuwa kimebadilika baina ya duru mbili ni kitu kimoja tu: kwamba sasa hajui.

Mtindo huu ni wa zamani. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume kuchunguza tiba ya "sumaku ya viumbe" ya daktari Mesmer, iliyokuwa imeiteka Paris. Ndani ya tume walikuwemo Benjamin Franklin na mkemia Lavoisier. Katika bustani ya Franklin, mwanafunzi wa Mesmer alitia "sumaku" kwenye mti mmoja, kisha kijana wa miaka 12 akafungwa macho na kupelekwa mti mmoja baada ya mwengine. Alizimia kwenye mti wa nne. Mti uliotiwa sumaku ulikuwa mita kadhaa kutoka hapo. Mganga akajibu kwamba miti yote ina sumaku kidogo, na tume ikamjibu kwamba ingekuwa hivyo, mtu kama kijana yule asingethubutu kupita bustanini. Huo ndio udhuru wa baadaye tuliousema.

Na msione kwamba wanaodanganyika ni wanyonge wa vijijini. Serikali ya Iraq ilinunua maelfu ya vifaa vilivyoitwa ADE 651, vya kugundua mabomu: mpini wa plastiki wenye antena inayoyumba, bila betri. Wanajeshi walivishika kwenye vizuizi vya Baghdad huku magari yenye mabomu yakipita. Muuzaji, James McCormick, alihukumiwa Uingereza mwaka 2013 kifungo cha miaka 10. Jaribio la masanduku 20 na bomu moja lililofichwa, kabla ya kutia saini mkataba, lingechukua asubuhi moja.

Lakini mfano tunaoutaka khasa muukumbuke ni wa kwetu. Upungufu wa damu kwa watoto ulikuwa tatizo kubwa Pemba, na kila mtu mwenye akili alijua dawa: madini ya chuma. Ingewezekana kugawa tu. Badala yake, watoto wa miezi 1 hadi 35, zaidi ya 24,000 kwa hesabu ya makundi ya madini ya chuma na kundi la kulinganisha, walipewa ama chuma na asidi foliki, ama hivyo pamoja na zinki, ama kidonge kisicho na dawa, bila mzazi wala mgawaji kujua kipi ni kipi. Mwaka 2003 kamati iliyokuwa ikitazama hesabu ilisimamisha utoaji wa chuma. Watoto waliopewa chuma walikuwa wakilazwa au kufa kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Ripoti iliyotoka mwaka 2006 ilitaja ongezeko la asilimia 12. Malaria ilikuwa nyingi wakati ule, na chuma kilichogaiwa bila kupima nani anakihitaji kiliwadhuru. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake kwa nchi zenye malaria kwa sababu ya kazi iliyofanyika Pemba, na Maabara ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi ilikuwa katikati yake. Dawa iliyoaminiwa na madaktari wa dunia nzima ilipitishwa kwenye pazia hapa kwetu na ikakutwa na kasoro. Leo kisanduku kisichoaminiwa na maabara yoyote kinapita Chake Chake bila kuulizwa.

Hatudai kwamba vijana wanaokaa kwenye meza hizi ni matapeli. Wengi wamenunua mashine kwa fedha za kukopa na wanaiamini kwa dhati, kwa sababu wateja wanawaambia imepatia. Na imepatia, kwa namna hii: ripoti inayotaja viungo 40 haiwezi kukosa kimoja kinachouma. Mama wa miaka 50 akiambiwa ana uchovu, kiuno kinamsumbua na usingizi si mzuri, atasema wallahi umejuaje. Mwaka 1948 Bertram Forer, mwalimu wa saikolojia Marekani, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao akawaomba wayape alama za usahihi hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale. Tena watu huenda kupima maumivu yakiwa yamepanda juu kabisa, na maumivu ya mgongo hupanda na kushuka yenyewe. Yakishuka wiki ya pili, sifa inakwenda kwenye vidonge. Aliyepata nafuu hurudi kushukuru. Aliyezidiwa yuko hospitali, au yuko kaburini, na mpimaji hana habari naye.

Barua hii haigusi dua, wala kombe, wala imani ya mtu. Anayemsomea mgonjwa hamkabidhi karatasi yenye namba 4.82 mbele ya neno "kolesteroli". Wala haiwapigi vita waganga wa mitishamba. Dawa mseto ya malaria, iliyoanza kutolewa Zanzibar mwaka 2003, imetokana na mmea wa Kichina. Tu Youyou alitafuta kiini chake, akagundua kwamba kuuchemsha kulikuwa kukikiua, akakitoa kwa joto dogo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mti wenye dawa hauogopi pazia.

Tunachohofia ni kwamba mashine hii itapenya katikati ya mamlaka zenu. Wakala una sheria yake ya mwaka 2006 ya chakula, dawa na vipodozi; Baraza lina waganga na mitishamba; hospitali zina maabara zao. Kisanduku kitasema hakimo kwa yeyote. Kwa hiyo tunaomba waraka mmoja wa pamoja, wenye mambo haya: kila kifaa kinachotoa jina la ugonjwa kihesabiwe kuwa kifaa cha tiba, hata kama mwenyewe anakiita cha "ushauri wa lishe", gharama za jaribio zilipwe na mwenye kifaa, na matokeo yabandikwe hadharani yakiwa mema au mabaya, anayepima asiuze dawa meza moja na kipimo chake, sheha asitoe baraza wala kiwanja bila kuona barua ya jaribio, na redio zisirushe tangazo la kifaa kisicho na barua hiyo. Vituo vya afya navyo vipewe agizo la kumuuliza kila mgonjwa wa sukari, presha au kifua kikuu kama ameacha dawa kwa ajili ya ripoti ya kijiti, na jibu liandikwe kwenye kadi yake.

Mahitaji ya jaribio lote ni haya: vyumba viwili vyenye mlango baina yao, pazia zito lenye tundu, feni, sarafu moja, bahasha 20, bandeji, vipimo 40 vya sukari vya maabara, vipimo 40 vya HbA1c, na wasindikizaji wawili wasiojuana na wagonjwa. Mafundi maabara na walimu wa sayansi waliotayari kulisimamia bila malipo wapo Unguja na Pemba. Tupeni tarehe, na mwenye mashine wa kwanza atakayekubali.

Wenu katika kazi,
Wafanyakazi wa maabara na walimu wa sayansi, Unguja na Pemba